Mwalimu, Mimi na Maneno Kumi na Sita

Jumatatu, 7 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Waya wa redio ya simu sikioni, Neema kwenye titi, kalamu kwenye mkono uliobaki. Mtangazaji anasoma haraka kama anafukuzwa. Maneno kumi na sita, mara mbili, basi. Unayapanga makundi manne, kila kundi maneno manne, unatuma kwa simu kabla ya saa moja na nusu. Saa mbili anatoa jibu.

Ya leo nimepata. Popo alitaka kunidanganya. Walimsoma katikati ya njiwa na kanga ili nimwone ndege. Nikakataa. Nilimweka na fisi, mbu na bundi, watembezi wa usiku. Bundi naye alikuwa anavutwa kule kwa ndege. Nikamrudisha.

Saa mbili na dakika tano Mama akapiga kutoka Bungoma. Mama ni mama mkwe wangu. Ati Mzee, mumewe, pia amepata. Sasa mimi sita, yeye sita. Siku saba zimeenda, zimebaki kumi na moja, Jumapili haihesabiwi.

Naandika hapa ili nisisahau tulivyokubaliana. Nilitaka kurudi shule. Niliacha kidato cha pili, miaka minne sasa. Hapa Kitale kuna shule ya kutwa ambayo imekubali kunipokea muhula huu wa pili, lakini si na mtoto mgongoni. Nikaomba Neema akae Bungoma kwa Mama, mimi niwe naenda kila Ijumaa. Mama alikubali siku hiyo hiyo. Mzee akakataa. Yeye ni mwalimu aliyestaafu na anasema kichwa kilichokaa miaka minne kimeota kutu. Mama akamwambia, basi pimaneni kwa hiyo chemshabongo yako ya redio. Siku kumi na nane. Nikimshinda, Neema anabaki kwao na mimi naenda darasani. Akinishinda, nanyamaza mpaka Neema aanze shule yake mwenyewe. Tukitoka sare, ni yeye ameshinda.

Hilo la sare alilisema yeye.

Jumanne, 8 Aprili

Tumepata wote wawili.

Kazini magunia sita. Ni msimu wa kupanda na stoo imejaa maharagwe ya mbegu yaliyochanganyika. Tunakaa chini na nyungo, tunachagua: rosikoko huku, nyayo huku, njano huku, mawe na yaliyotobolewa pembeni. Halima ndiye alinifundisha. Anakaa kule karibu na msikiti na amefanya hii kazi tangu mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza alinipiga kofi mkononi. "Usianze na yale mengi, wewe. Mengi yanajichagua. Anza na ile mbegu moja ngeni."

Na maneno nafanya hivyo hivyo. Kila neno naliandika kwenye kipande cha katoni. Natafuta lile moja lisilo na ndugu. Likipata ndugu zake, mengine yanakaa yenyewe.

Halima anacheka. "Ukienda shule utavaa sketi ya mwanafunzi na leso ya mama kwa juu?"

Nikamwambia leso nitaweka kwenye begi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekosa. Mzee amepata. Saba kwa nane.

Sitaki kuandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimekasirika mpaka nikacheka.

Kulikuwa na kiti, maji, chai. Nikajua hapo hapo, hivi ni vya kumpokea mgeni. Nikatafuta cha nne. Kuku! Nani atakuja kwako umpe kiti na maji na chai halafu kuku umwache anatembea uwanjani? Nikafunga hilo kundi. Mwishoni nikabaki na mbuzi, bata, sungura na salamu. Nikawatazama. Salamu na mbuzi, wapi na wapi? Neema analia, saa moja na dakika ishirini na nane. Nikatuma hivyo hivyo, mbuzi na salamu yake.

Jibu: kuku ni mfugo. Mgeni anapewa kiti, maji, chai na salamu.

Nikajua nimekwisha. Saba kwa tisa. Halafu Mama akapiga, anacheka mpaka hawezi kusema.

"Na Mzee pia!"

"Pia nini, Mama?"

"Ameweka kuku kwa mgeni! Amekasirika na redio. Anaiuliza, huyo mtangazaji alizaliwa nyumba gani, ya kumpa mgeni salamu peke yake?"

Kwa hivyo bado saba kwa nane. Nimefanya kazi siku nzima na hiyo picha ya Mzee akigombana na redio. Sijawahi kumwona akigombana. Kusema kweli sijawahi kumwona vizuri hata usoni. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawaangaliani. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Miaka mitatu nimeolewa, namjua kwa kikohozi na viatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana tulipata wote. Leo nimepata! Mzee amekosa! Tisa kwa tisa!

Halima amenipa ndizi mbili, ati za "mwalimu mpya", yaani mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Neema alikuwa moto usiku kucha. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa nje ya zahanati nimemfunga kifuani. Redio niliisahau. Nilikumbuka saa mbili, muuguzi akimchoma sindano.

Ni homa ya kawaida, wanasema. Sasa amelala, jasho limetoka.

Mzee amepata. Jana tulipata wote, kwa hivyo ni kumi kwa kumi na moja. Zimebaki siku nne.

Lakini si hilo linaniuma. Kilio cha homa cha Neema ni tofauti na kile cha njaa. Ni kifupi, kinakatika. Mimi ndiye nakijua. Akiwa Bungoma nani atakijua? Nataka nini mimi? Nataka kusoma. Nataka pia nisiwe mama wa wikendi. Yote mawili ni ya kweli na hayakai kundi moja.

Jumatano, 16 Aprili

Neema amepoa. Amekula uji na kunivuta nywele.

Tumepata wote. Kumi na moja kwa kumi na mbili.

Baba Neema amepiga kutoka Naitiri. Msimu huu wote yuko huko anaendesha trekta la watu, anarudi mara moja kwa wiki na vumbi masikioni. Nikamweleza hesabu.

"Wewe nawe," akasema. "Unashindana na mwalimu kwa chaki yake mwenyewe."

"Na nikishinda?"

"Ukishinda nitakununulia begi."

"Na nikishindwa?"

Nikasikia injini. Halafu, "Si utabaki kuwa mke wangu, bana."

Ni mtu mzuri. Lakini hajui. Nilikata simu nikalia kidogo, nikanawa.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo neno lisilo na ndugu lilikuwa mkaa. Mzee aliliweka na vitu vyeusi. Mimi nililiweka na vitu vya kununua kwa debe: mahindi, maharagwe, viazi. Wiki nzima nashika debe stoo, ningekosaje?

Kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Zimebaki mbili.

Ijumaa, 18 Aprili. Bungoma

Ijumaa Kuu. Tulipata wote asubuhi, mimi nikiwa bado Kitale. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Kesho ndiyo mwisho.

Tumekuja kwa Pasaka. Baba Neema atakuja kesho jioni. Neema anatembea hatua nne halafu anakaa, hatua nne anakaa, na kila mtu anapiga makofi. Viatu vya Mzee vilisimama mlangoni muda mrefu vikimwangalia. Mimi nilikuwa jikoni.

Balaa limetokea jioni. Neema ametafuna waya wa redio ya simu yangu. Ameutafuna umekatika. Simu yangu bila huo waya haishiki redio. Hapa nyumbani redio ni moja, iko sebuleni, kando ya kiti cha Mzee. Siwezi kuingia.

Nimemwambia Mama. Amesema, "Ukuta wa jikoni haufiki juu. Nitaongeza sauti."

Nimekata vipande kumi na sita vya katoni, nimeviweka chini ya mto.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika yote vile yalikuwa.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa jikoni, nimekaa kwenye gunia, vipande vya katoni mapajani. Sebuleni Mzee alikohoa. Mama akaongeza sauti mpaka kuku wakatoka mbio. Maneno yakaja juu ya ukuta. Nikaandika kumi na sita bila kukosa hata moja:

Mafiga, goti, mrija, uji, kinu, nyusi, leso, maji moto, mwiko, kiwiko, kigoda, nepi, ungo, kisigino, chungu, kitovu.

La mwili niliona haraka: goti, nyusi, kiwiko, kisigino. Lakini kitovu pia ni mwili. Nikasimama. Uji, leso, nepi. Haya ni ya mama aliyejifungua, mimi nimetoka huko juzi. Kitovu cha mtoto si ndicho kinakunyima usingizi wiki nzima ya kwanza? Kwa hivyo kitovu kiende huko. Lakini na maji moto yanaenda huko pia, ya kukandwa. Hayo sasa ni matano.

La jikoni lilikuwa pale pale mbele yangu: mafiga, kinu, mwiko, ungo. Na chungu. Na kigoda, mimi mwenyewe hupikia kwenye kigoda. Sita.

Na mrija peke yake, hauna ndugu. Mbegu ngeni. Niliushika nikaugeuza, nikawa nasema peke yangu kwa sauti: mrija, maji moto, mrija. Mrija ni wa soda. Soda haipo. Mrija wa uji wa mgonjwa? Hapana. Saa moja kamili. Saa moja na dakika kumi. Jasho. Chai ilifurika kwenye jiko, sikuiona, Mama akaja akaitoa.

Sebuleni nikasikia Mzee anasema na Mama, sauti ya chini, lakini ukuta haufiki juu.

"Goti, kiwiko, kisigino, nyusi, kitovu. Tano. Kwa nini tano?"

"Mimi sijui mambo ya redio," Mama akasema.

"Moja linaondoka. Lipi? Linaenda wapi?"

Nikajua amekwama pale ambapo mimi nimepita. Na mimi nimekwama pengine. Tukikosa wote ni sare, na sare ni yake. Nikakata tamaa. Nikaanza kuokota makatoni yangu ili niyatupe motoni yaungue.

Halafu Mzee akakohoa. Neema alikuwa kule kwake, nilimsikia akipigapiga kiti. Mzee akamwambia, kwa sauti kubwa ya darasani:

"Neema. Mwambie mama yako maji moto si ya kuoga."

Nikaganda. Kwetu wakwe huongea hivyo likibidi, kupitia kwa mtoto, ndiyo desturi. Lakini Mzee hajawahi kunitumia neno hata siku moja. Na Neema mwenyewe anajua "mama" na "tata" peke yake.

"Mwambie wazee wakikaa kuzunguka chungu cha busaa, kila mtu na mrija wake, mama wa nyumba anakuja kuongeza nini? Maji moto. Wamekalia nini? Vigoda. Sasa ameelewa. Nenda, mwambie."

Mama yangu mzazi ni mtu wa kanisa. Pombe hiyo ya busaa haikuingia kwetu, hata chungu chake sijawahi kukiona. Ningekaa hapo mpaka Krismasi nisijue.

Makatoni yakajipanga yenyewe. Chungu, mrija, maji moto, kigoda. Mafiga, kinu, mwiko, ungo. Uji, leso, nepi, kitovu. Goti, nyusi, kiwiko, kisigino. Nikatuma. Saa moja na dakika ishirini na moja. Simu ikasema imeenda.

Na hapo ndipo nilipoona. Mimi nimemaliza. Yeye bado. Nikinyamaza dakika tisa tu, nimeshinda. Kumi na nne kwa kumi na tatu. Shule. Jina langu kwenye daftari.

Nilishika mdomo kwa mkono. Kweli, niliushika.

Sebuleni: "Goti? Mtoto anatambaa kwa goti. Labda goti." Anabahatisha. Mwalimu mzima anabahatisha.

Tena kitovu si neno la kumwambia mkwe. Pombe ni pombe, lakini mambo ya kujifungua, ya mwili, baba mkwe hasikii kutoka kwa mke wa mwanawe hata kwa ajali. Nilikuwa na sababu mbili nzuri za kunyamaza.

Dakika ishirini na tano.

Alijua atanipa ushindi na bado akanipa.

"Neema," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Neema, mwambie babu, mtoto akizaliwa kitovu chake huoshwa kila siku mpaka kianguke. Mwambie mama hapumziki mpaka kianguke."

Mama alikuwa ameipunguza redio, najua kila neno lilifika. Uso wangu ulikuwa unaungua. Nilitaka ardhi inimeze na gunia langu.

Halafu simu yake ikalia, ule mlio wa ujumbe kwenda.

Saa mbili mtangazaji akatoa jibu. Tumepata wote.

Kumi na nne kwa kumi na nne.

Mama aliingia jikoni akanitazama, akachukua mwiko, akarudi. Mimi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga, mjinga.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa, kuku, wageni. Neema ametembea hatua saba.

Mzee hajasema lolote, si kwa mtoto, si kwa Mama. Baba Neema nilimweleza usiku. Alifikiri sana, halafu akasema, "Lakini ulifanya vizuri."

Nikamwambia vizuri haifungui mlango wa shule. Nikageukia ukuta.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo ndiyo tulikuwa tunarudi. Asubuhi mapema nilipakia nepi zote za Neema, safi, nimekunja. Saa nne nikaenda kuchukua begi. Nepi hazimo. Nikazikuta kwenye kamba, zimelowa zote.

"Mama, hizi zilikuwa safi."

"Najua."

"Sasa nitasafiri na nguo mbichi?"

"Nani amekwambia hizo zinasafiri?"

Sikuelewa. Nilisimama pale kama mti. Mzee alikuwa upande wa pili wa uwanja anarekebisha banda la kuku, mgongo kwetu, misumari mdomoni. Neema alikuwa ameshika suruali yake. Akatoa misumari.

"Neema. Mwambie mama yako, tulikubaliana sare ni yangu. Kwa hivyo mimi ndiye naamua."

Akapigilia msumari mmoja. Taratibu.

"Na nimeamua wewe unabaki hapa. Mwambie shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Mwambie hesabu ndiyo ilimwangusha kidato cha pili, Kiswahili kiko sawa. Aanze na hesabu."

Amejuaje alama zangu? Nilimgeukia Baba Neema. Akaangalia viatu vyake, akakiri. Kumbe Mzee alimtuma alete ripoti yangu ya zamani, tangu juma lililopita, kabla hata mchezo haujaisha. Na huyu mume wangu alinyamaza siku zote hizo nikilia.

Nilitaka kusema asante. Huwezi kumwambia mkwe asante mgongoni namna hiyo. Nikamwambia Neema. Nikasema, "Neema, mwambie babu nimesikia."

Mzee akarudisha misumari mdomoni.

Nilimnyonyesha chini ya kamba ya nguo mpaka akalala. Halafu nikamweka mikononi mwa Mama. Nikamwonyesha kile kilio kifupi, nikakiiga mara tatu, mpaka Mama naye akakiiga. "Ndiyo," nikasema, "hicho. Ukisikia hicho, ni homa."

Niliondoka haraka kabla hajaamka. Baba Neema alibeba begi. Lilikuwa jepesi sana.

Jumanne, 22 Aprili. Kitale

Niliamka saa kumi na moja. Hakuna aliyeniamsha.

Matiti yamejaa, yamekuwa mawe. Nimekamua kwenye kikombe. Nilishindwa kumwaga. Nilikiweka dirishani, nikaenda shuleni kujiandikisha.

Karani aliniuliza majina yote matatu, akaandika polepole. Nilimtazama akiandika mpaka mwisho.

Saa saba Mama alipiga. Neema amelala vizuri. Alilia jana jioni kidogo, halafu akamfuata babu kwenye banda la kuku. Amekula.

Maziwa nimeyamwaga kwenye mche wa sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nimeosha kikombe.

Jioni sasa. Watoto wa jirani wanaitwa ndani. Kitanda kizima ni changu na nimekaa ukingoni, pale pale ninapokaa siku zote.